Mbwa Aliyestaafu

Mbwa wa kwetu ana kazi, na kazi yake ni kulinda. Hulala nje, hula makombo ya ugali na mifupa iliyokwisha kutafunwa na wenye nyumba, hubweka usiku, na mchana hujinyosha kivulini hali jicho moja li wazi. Akijaribu kuingia ndani hufukuzwa kwa ufagio, wala mwenyewe hashangai, maana ajua kuwa mpaka wake ni kizingiti. Kwa jirani zetu walio Waislamu mpaka huo u imara zaidi, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba hakina budi kutwahirishwa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nilikuwa na fikira gani nilipokwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja, nikamkuta mbwa amelala chali juu ya kochi la dada yangu, miguu yote minne imeelekea darini.

Dada ni muuguzi katika hospitali moja ya Manchester. Shemeji hufanya kazi katika ghala, naye huondoka kabla ya mapambazuko. Mimi, mwalimu niliyepata nafasi ya kuongeza elimu, nilipewa chumba cha juu bila kodi, kwa sharti moja tu: kwamba mbwa yule awe mikononi mwangu katika saa ambazo wenyewe hawapo. Sharti hilo halikunipendeza hata kidogo. Nilikubali kwa kuwa kodi ya chumba katika miji ile hunyonya mfuko wa mwanafunzi kama kupe, na kwa kuwa dada ni mkubwa kwangu.

Mbwa mwenyewe aliitwa Betty. Jina hilo alipewa na watu waliomtunza kabla ya kuja kwetu, na kwa kuwa alikwisha kulizoea, dada hakutaka kulibadili. Mama yetu, aliye nyumbani karibu na Voi, alipoambiwa jina hilo alikataa kabisa kulitamka. Mke wa katekista wetu naye ni Betty, wala haikuwa adabu kupaza sauti katika simu, majirani wakisikia, kuuliza kama Betty amepona kuhara. Akauliza mbwa yule alikuwa nani zamani. Akaambiwa alikuwa mkimbiaji wa mbio za mashindano, na sasa amestaafu. Tangu siku ile mama alimwita Mstaafu, na kila alipopiga simu aliuliza, "Mstaafu hajambo?"

Aina hii ya mbwa Waingereza huiita greihaundi. Ni mrefu wa miguu, mwembamba wa kiuno kama nyigu, kifua kimeshuka kama mkuku wa jahazi, na kichwa ni chembamba kuliko shingo. Jambo hili la shingo si la urembo tu. Ukimvisha ukanda wa kawaida, akirudi nyuma kwa hofu ukanda humvuka masikio, naye akabaki huru barabarani, nawe umeshika kamba isiyo na mbwa. Kwa hiyo huvishwa ukanda mpana wenye kitanzi cha pili, kinachokaza kidogo anapovuta na kulegea anapotulia. Uzito wake ni kama kilo 30. Hana shahamu chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ni nyepesi, hata mwiba wa ua huweza kuipasua kama karatasi. Moyo wake ni mkubwa kwa kiasi cha mwili wake, na damu yake ina chembe nyekundu nyingi kuliko damu ya mbwa wengine. Daktari asiyewazoea akiipima huenda akadhani ni ugonjwa, kumbe ndiyo afya yao. Akikimbia kwa nguvu zake zote, miguu yote minne huwa hewani mara mbili katika kila hatua: mara imekusanyika chini ya tumbo, mara imenyoshwa mbele na nyuma kama mshale. Duma hukimbia vivyo hivyo. Mwendo wake hupita kilomita 60 kwa saa.

Msomaji atadhani kwamba mnyama kama huyo hana budi kukimbizwa kutwa, na kwamba mlinzi wake hukonda. La. Nilimtembeza nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, basi. Saa zilizobaki alilala. Katika siku nzima yenye saa 24 yawezekana alilala 16 au 17, na mara nyingine alilala macho wazi, jambo lililonitia hofu juma la kwanza hata nikamwinamia kusikiliza kama anapumua. Dada alinionya upesi nisifanye hivyo. Mbwa aliyelelewa katika vibanda hajapata kuguswa na mtu akiwa usingizini. Akishtuliwa huweza kuuma kabla hajajua anamuuma nani. Desturi ya nyumba ile ikawa kumwita jina lake kwanza, na kumgusa baadaye. Naona ni desturi njema hata kwa wanafunzi wanaosinzia darasani.

Mbio zenyewe zina historia ambayo si ndefu kama watu wanavyodhani. Zamani mabwana wenye mashamba waliwaachia mbwa wawili wamfukuze sungura aliye hai. Mwaka 1919 Mmarekani mmoja, Owen Patrick Smith, alifungua kiwanja huko Emeryville, katika California, ambako mbwa walifukuza sungura wa bandia aliyevutwa kwa mtambo. Mchezo huo ukavuka bahari, na tarehe 24 Julai 1926 ukafunguliwa Uingereza kwa mara ya kwanza katika kiwanja cha Belle Vue, mjini Manchester. Mbwa aliyeshinda mbio ya kwanza aliitwa Mistley. Watu waliokuja siku ile hawakutimia 2,000, lakini baada ya muda mfupi walikuja kwa maelfu, maana mfanyakazi wa kiwandani aliweza kutoka kazini jioni, akala chakula chake, akaenda kuweka dau la senti chache na kurudi nyumbani kabla ya usiku wa manane. Mbio za farasi zilikuwa za matajiri, tena zilikuwa mchana na mbali. Mbio za mbwa zilikuja mpaka mlangoni pa maskini. Kiwanja cha Belle Vue kilifungwa mwaka 2020. Kutoka nyumbani kwa dada mtu hufika hapo kwa miguu.

Mbwa huanza mashindano angali mchanga, na wengi wao humaliza kabla ya kutimiza miaka mitano. Mbwa sita hutiwa katika vijumba sita, kila mmoja amevaa joho la rangi yake: wa kwanza jekundu, wa pili buluu, wa tatu jeupe, wa nne jeusi, wa tano la rangi ya machungwa, na wa sita la mistari myeusi na myeupe. Sungura wa bandia hupita, milango hufunguka, na mbio ya mita 480 hukwisha kabla ya nusu dakika kutimia. Betty alizaliwa Ireland, kama wengi wa mbwa wanaokimbia Uingereza, na ushahidi wake u katika mwili wake: mbwa wa Ireland huchanjwa herufi katika masikio yote mawili. Nilimfunua masikio mara nyingi nikaziangalia zile herufi za rangi ya majani zilizofifia. Alikimbia kwa miaka karibu mitatu, akaumia kiungo cha mguu wa nyuma, akaachishwa.

Sasa fikiri mbwa wa namna hiyo anavyoingia katika nyumba. Maisha yake yote hakupata kuona ngazi. Mara ya kwanza alisimama chini ya ngazi akazitazama kama mimi ningelitazama ukuta wa gereza. Shemeji alikuwa amemfundisha kupanda, akimshika mguu mmoja mmoja na kuuweka juu ya kidato, mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, kwa siku nyingi. Kushuka kulikuwa kazi ngumu zaidi, na mpaka nilipofika mimi bado alikuwa akishuka kwa kuruka vidato vinne vya mwisho kwa pamoja, kwa kishindo kilichoamsha mtaa. Hakujua kioo: aliuendea mlango wa kioo kama kwamba hapana kitu, ikabidi kubandikwa karatasi usawa wa macho yake. Hakujua sakafu inayoteleza; jikoni alitembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Hakujua kuketi. Misuli ya mapaja yake ni minene hata kukaa kitako humsumbua, kwa hiyo ama husimama ama hulala, hapana la katikati. Hakujua kuchezea mpira. Dada alimnunulia mpira mwekundu, akautupa. Betty akautazama ukienda, kisha akamtazama dada, kwa macho ya huruma, kana kwamba dada amepoteza kitu chake.

Jambo hili la mpira lilinigusa kwa sababu ya baba. Baba yangu aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka 31. Alipostaafu tulimwambia apumzike, tukamnunulia kiti cha uvivu, tukakiweka barazani. Kwa mwaka mzima aliamka saa kumi alfajiri, akavaa viatu, akatoka nje, akalizunguka boma kama mtu anayekagua magurudumu, kisha akakaa pembeni pa kile kiti, si juu yake, akingoja kulipambazuka. Hakuna aliyemfundisha kazi ya kukaa. Kazi ya kuendesha alifundishwa na utingo wenzake, lakini kukaa alitakiwa aijue mwenyewe tu, kama kwamba kila mtu huzaliwa nayo.

Lililo gumu kuliko yote kwa Betty lilikuwa upweke. Katika vibanda mbwa hawa hulala wawili wawili, na pande zote husikia wenzao wakipumua. Tangu kuzaliwa hakupata kuwa peke yake hata saa moja. Dada akiwa kazini na shemeji ghalani, nami nikitoka kwenda chuoni, alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mbwa wa kwetu; haikuwa kubweka wala kubwabwaja, bali mlio mwembamba mrefu, kama wa upepo katika ufa wa mlango. Nilimfundisha kwa dakika. Nilitoka nje dakika moja, nikarudi bila kumsemesha neno. Kisha mbili. Kisha tano. Baada ya juma tatu nilifika saa moja, na mwisho wa mwezi wa pili niliweza kuhudhuria somo zima bila kuyafikiria malalamiko ya jirani. Wanaojua kazi ya ualimu watatambua kwamba hapa sikufanya jambo lo lote jipya.

Baridi nayo ilikuwa na sheria zake. Mnyama asiye na shahamu wala manyoya marefu hutetemeka kabla ya binadamu, kwa hiyo alikuwa na makoti mawili, moja la mvua na moja la kulalia. Nilimpiga picha amevaa lile la kulalia, nikaituma nyumbani. Mama alicheka hata akakohoa. Baba aliuliza tu bei ya koti.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa maneno ya baba, na sasa nayafikia maneno hayo.

Mbwa hawa aghalabu hutoka viwanjani na meno mabovu. Hulishwa chakula laini kilicholowekwa, na si kila mwenye mbwa hujali kuyasafisha. Kinywa cha Betty kilinuka hata mtu akimpigia miayo karibu, ilibidi kugeuza uso. Ukoga ulikuwa umejaa, fizi zimevimba, naye alianza kutafuna kwa upande mmoja. Dada alimpeleka kwa daktari wa mifugo, nami nikafuatana naye. Daktari akasema meno tisa hayana budi kung'olewa, na kwamba gharama itapita pauni 400. Nilifanya hesabu njiani bila kupenda. Zilikuwa zaidi ya shilingi 60,000 za Kenya. Kijijini kwetu mtoto angeweza kukaa katika shule ya bweni kwa fedha hizo.

Daktari alikuwa na jambo la pili. Mwili wa greihaundi hauzitumii dawa zote za nusukaputi kama mwili wa mbwa wengine. Dawa za namna fulani za zamani, ambazo mbwa wa kawaida huzinduka nazo upesi, humlaza huyu muda mrefu sana, kwa kuwa ini lake huziondoa katika damu polepole, na hana shahamu ya kuzipokea. Siku hizi ziko dawa nyingine zilizo salama zaidi kwake, na daktari alizijua. Lakini hatari haikwisha kabisa, wala hakutuficha. Kwa hiyo tulitakiwa tulipe fedha nyingi kwa jambo ambalo lingeweza kumwua.

Jumapili ile baba alipiga simu, na dada, ambaye hajui kuficha, akamweleza yote. Pakawa kimya. Kisha baba akasema, "Mwanangu, huyo mbwa wako ana meno ya dhahabu?"

Dada akamjibu kwa upole kwamba meno ni ya mfupa, lakini yanauma.

"Watoto wa marehemu mjomba wako wamefukuzwa shule juzi."

"Nimekwisha tuma ada yao, Baba. Muulize mama."

Hilo lilikuwa kweli. Dada huwalipia watoto wawili kila muhula, tena hajapata kuchelewa. Baba alinyamaza tena. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa nyingine, sauti niliyoikumbuka tangu utoto, aliyokuwa akiitumia katika mikutano ya madereva barazani kwetu.

"Alifanya kazi miaka mingapi?"

"Karibu mitatu."

"Mbio ngapi?"

Mbio za mbwa wote huandikwa, na dada alikuwa na orodha ya Betty. Akasema 71.

"Meno yaliharibika kazini, au yaliharibika kwako?"

"Kazini, Baba. Alikuja nayo hivyo."

"Basi anayestahili kulipa ni tajiri wake wa zamani. Dereva akivunjika mguu safarini, mguu ni wa tajiri."

"Tajiri wake hayupo," dada akasema. "Tupo sisi."

Baba akavuta pumzi. "Sisemi umefanya vema," akasema. "Nasema nimesikia." Akampa mama simu.

Nimeyafikiri maneno hayo mara nyingi. Wako watu, na wengi ni watu wema, wasemao kwamba kila shilingi inayotumika kwa mnyama imeibwa kwa binadamu. Hoja hiyo ina nguvu, wala sitaki kuidharau, hasa katika nchi ambayo watoto hukaa nyumbani kwa kukosa ada. Lakini niliona kwamba wasemao hivyo hawaiulizi kamwe ile fedha iliyowekwa dau kiwanjani usiku 71, na kama iliibwa kwa nani. Fedha ya kumchosha mnyama haina mwulizaji. Fedha ya kumponya ndiyo inayoitwa shaurini. Kwa upande wa pili, sikubaliani na wale wa Ulaya wanaosema mbwa ni mtoto wao. Mbwa si mtoto. Mtoto hukua akamzika mzazi wake, na mbwa ni kinyume chake. Haki ya Betty naiona katika maneno ya baba, si katika mapenzi: alifanya kazi, na kazi ikamharibu.

Tena si wote wapatao hata huo uulizwaji. Mick the Miller, mbwa maarufu kuliko wote, aliyeshinda mbio kuu ya Uingereza mwaka 1929 na tena mwaka 1930, alipokufa mwaka 1939 ngozi yake ilihifadhiwa, naye amesimama hadi leo ndani ya sanduku la kioo katika makumbusho ya Tring. Lakini mwezi wa Julai 2006 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba kaskazini mashariki mwa Uingereza alikuwako mtu aliyewaua mbwa wa mbio waliochoka, kwa ujira wa pauni chache kila mmoja, na kuwazika katika shamba lake, na hesabu yao ilisemwa kuwa ni maelfu. Aliposhtakiwa alitozwa faini kwa kuzika mizoga bila ruhusa. Kuwaua hakukuwa kosa. Ni kweli kwamba mwaka 1975 kilikuwa kimekwisha kuanzishwa huko chama cha kuwatafutia makao mbwa waliostaafu, na kupitia vyama vya namna hiyo wengi wameokoka. Mambo yanabadilika, ingawa polepole. Mwezi wa Novemba 2018 wapiga kura wa Florida, katika Marekani, waliamua mbio hizi zikome kwao kufikia mwisho wa mwaka 2020. New Zealand ilitangaza nia kama hiyo Desemba 2024, na serikali ya Wales ikafuata Februari 2025. Katika England mbio zaendelea.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu na mbwa wao tu. Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, Kenneth Gandar-Dower, aliwachukua duma kutoka nchi yetu, akawasafirisha kwa meli mpaka Uingereza, na mwezi wa Desemba akawashindanisha katika kiwanja cha mbwa cha Romford, mashariki ya London. Alidhani kwamba mnyama aliye mwepesi kuliko wote duniani atawavuta watu kuliko greihaundi. Duma alikimbia kwa kasi iliyowashangaza watazamaji, lakini hakuona maana ya kushindana na mwenzake, na akiona mwenzake ametangulia hakujali kumfuata. Mchezo huo haukudumu. Nikiifikiri habari hiyo huwaonea fahari wale duma, nikawasikitikia mbwa. Maana duma hukimbia kwa njaa yake mwenyewe, hali mbwa, aliyelelewa na watu kwa vizazi vingi, hukimbia kwa sababu ameachiliwa, naye hatasimama kuuliza yule sungura ni wa nini.

Betty alipelekwa kung'olewa meno siku ya Alhamisi. Dada alikuwa zamu, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Nilikabidhi kamba, nikaketi katika chumba cha kungojea na kitabu ambacho sikukisoma. Kando yangu alikuwapo bibi mzee mwenye paka ndani ya kikapu. Akaniuliza kama mbwa ni wangu. Nikasema ndiyo. Nilipotoka kwetu nisingeamini kwamba neno hilo litatoka kinywani mwangu, na lilitoka bila kufikiriwa.

Alizinduka vema. Alirudi akiyumba, amefunikwa blanketi, na kwa kuwa meno ya upande wa kushoto hayakuwapo tena, ulimi wake ulichomoza upande ule, na haujapata kurudi ndani sawasawa mpaka leo. Siku tatu alikula ugali mlaini uliochanganywa na mchuzi wa kuku. Nilimpikia mwenyewe. Niliukoroga kama uji mzito, nikauacha upoe, nikauweka juu ya kigoda, kwa sababu mbwa mrefu namna ile huumia shingo akiinamia sahani ya chini. Naamini yeye ndiye mbwa wa kwanza wa mbio katika Manchester kula ugali, ingawa sina ushahidi.

Kisha tabia yake ikabadilika. Sikujua kwamba maumivu ya kinywa yalikuwa yamemfunika kama kifuniko. Alianza kuniegemea. Hii ni desturi ya mbwa hawa: husimama kando ya mtu, kisha humwachia uzito wake wote pajani, na mtu asiposimama imara huanguka. Akaanza kuiba viatu. Hakuvitafuna, alivibeba kimoja kimoja akavipeleka kitandani pake, akalala katikati yake kama muuza mitumba. Kiatu changu cha kuendea chuoni nilikitafuta humo kila asubuhi.

Jambo ambalo hakuruhusiwa ni kuachiwa huru bustanini. Mbwa anayewinda kwa macho akimwona kindi umbali wa mita 200 hasikii tena jina lake, na katika sekunde kumi amekwisha fika barabara ya magari. Siku zote alitembea akiwa na kamba, na mdomoni alivishwa kikapu chepesi, kwa ajili ya paka za jirani. Lakini huko Uingereza yako mashamba yaliyozungushiwa ua mrefu, ambayo mtu huyakodi kwa nusu saa ili mbwa wake akimbie salama. Mwezi wa Mei, mguu wake ukiwa mzima na daktari akiwa ameridhia, shemeji alikodi moja, akalipa, tukaenda wote watatu siku ya mapumziko ya dada.

Tulimfungua. Alisimama. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akautazama uwanja, nao ulikuwa mtupu: hapana sungura, hapana kijumba, hapana mbwa mwingine. Nilikuwa nimeanza kudhani kwamba itakuwa kama habari ya mpira. Ndipo akaondoka. Sikumwona akianza, niliona tu kwamba alikuwa hapa na sasa yu kule, mgongo ukikunjika na kukunjuka, udongo ukiruka nyuma yake, masikio yamelala shingoni, na ule ulimi unapepea kando kama leso. Alizunguka ua mara moja, akazunguka mara ya pili kwa upana zaidi, na alipopita karibu nasi tulisikia miguu yake kama ngoma na pumzi yake kama mvukuto. Dada alikuwa akilia na kucheka. Mimi nilimpigia baba simu ya video, nikaielekeza uwanjani.

"Anamfukuza nini?" baba akauliza.

"Hamna kitu, Baba."

Hakunijibu, wala hakukata simu.

Mzunguko wa tatu Betty aliupunguza mwenyewe, akaja kwetu kwa matembezi, akamwegemea shemeji, akahema. Tulimpa maji. Tukangoja aende tena. Akaenda mpaka langoni, akasimama kando ya gari, akaangalia mlango wake. Shemeji alitazama saa. Dakika nne zilikuwa zimepita, na alikuwa amelipia 30.